Barakoa ya Anwani na Kiungo cha Ncha Mbili: Historia ya Istilahi Moja ya Mitandao

1. Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi haiishii katika kutafuta neno la Kiswahili la kusimama mahali pa neno la kigeni. Kabla ya kulipa jambo jina, hapana budi kulijua jambo lenyewe: lilizaliwa katika mazingira gani, lilikusudiwa kufanya kazi gani, na kama kazi hiyo ingali ile ile. Istilahi nyingi za fani ya kompyuta zimetufikia kama mizigo iliyokwisha kufungwa. Tumeipokea na kuibandika majina bila kuifungua ili tuone kilichomo.

Katika makala haya tutachunguza historia ya kitu kimoja kidogo, nacho ni ile namba ya pili ambayo mwenye kuunganisha kompyuta na mtandao hutakiwa kuiandika chini ya anwani, kwa mfano 255.255.255.0. Wenye lugha ya Kiingereza huiita kwa neno lao lenye maana ya kifuniko cha uso. Mwenye kulitafsiri neno hilo hujikuta mbele ya maneno mawili ya Kiswahili, kinyago na barakoa, na huenda akadhani kuwa kuchagua kati yake ni suala la ladha tu. Tutajaribu kuonyesha kwamba sivyo. Historia ya namba hiyo, na hasa historia ya matumizi yake katika viungo vya ncha mbili na katika miunganisho ya kupiga simu, ndiyo inayotoa hukumu.

2. Anwani zilizobeba ngeli yake

Mnamo Septemba 1981 ulitolewa waraka wa 791 katika mfululizo wa nyaraka za kiufundi ujulikanao kama RFC. Mhariri wake alikuwa Jon Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California. Waraka huo uliweka kanuni za itifaki ya intaneti, na kwa mujibu wake kila mashine hupewa anwani ya biti 32, yaani tarakimu 32 ambazo kila moja ni 0 au 1. Kwa kuwa mfuatano mrefu namna hiyo hausomeki kwa urahisi, biti hizo hugawanywa katika mafungu manne ya biti 8, na kila fungu huandikwa kama namba kati ya 0 na 255.

Anwani hiyo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hutaja mtandao, na ya pili hutaja mashine iliyomo katika mtandao huo. Swali lililowakabili wabunifu lilikuwa hili: msomaji wa anwani atajuaje mahali sehemu ya kwanza inapokoma na ya pili inapoanza?

Jibu la mwaka 1981 litawapendeza wanaisimu wetu, maana linafanana sana na ngeli za Kiswahili. Katika Kiswahili nomino nyingi hujitambulisha kwa kiambishi chake: tuonapo kitabu na vitabu, hatuhitaji kuuliza upatanisho wake. Hali kadhalika, anwani za wakati ule zilibeba daraja lake mwanzoni. Iliyoanza na 0 ilikuwa ya daraja A, na biti zake 8 za kwanza zilikuwa za mtandao. Iliyoanza na 10 ilikuwa ya daraja B, na biti za mtandao zilikuwa 16. Iliyoanza na 110 ilikuwa ya daraja C, na biti za mtandao zilikuwa 24. Mtandao wa daraja B uliweza kuwa na mashine 65,534, na wa daraja C mashine 254. Mashine iliyoisoma anwani ilitambua mpaka wake papo hapo, bila kuongezewa habari nyingine yoyote. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET wa Marekani uliacha itifaki yake ya zamani na kuanza kutumia itifaki hii mpya.

3. Kuzaliwa kwa barakoa

Haukupita muda mrefu kabla ya mpango huo wa madaraja kuelemewa. Chuo kikuu kimoja kilipewa namba moja ya mtandao, lakini ndani ya majengo yake mlitandazwa nyaya nyingi za Etheneti, kila moja ikiunganisha mashine za idara yake. Kuomba namba mpya ya mtandao kwa kila waya kungejaza majedwali ya malango yote ya dunia. Kuzifanya nyaya zote zionekane kuwa waya mmoja nako kulikuwa na matatizo yake.

Mnamo Oktoba 1984 Jeffrey Mogul wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika waraka wa 917, na Agosti 1985 yeye na Postel wakatoa waraka wa 950 ulioweka kanuni rasmi. Shauri lao lilikuwa kwamba mwenye mtandao aruhusiwe kuchukua baadhi ya biti za sehemu ya mashine na kuzitumia kutaja matawi ya mtandao wake, ambayo katika makala haya tutayaita mitandao tanzu. Watu wa nje wangeendelea kuuona mtandao mmoja, na mgawanyo wa ndani ungekuwa siri ya nyumba.

Hapo ndipo ngeli ya anwani ilipokosa kutosha. Mwanzo wa anwani haukuweza tena kueleza mpaka uko wapi, kwa kuwa kila mwenye mtandao aliuweka mpaka alipotaka. Ilibidi mashine ipewe namba ya pili, nayo pia ya biti 32. Penye 1 katika namba hiyo, biti ya anwani iliyo mahali pale ni ya mtandao au ya mtandao tanzu. Penye 0, ni ya mashine. Mashine hulinganisha namba hizo mbili biti kwa biti. Biti za anwani zilizo chini ya 1 hubaki kama zilivyo, na zilizo chini ya 0 hufutika. Kinachosalia ni jina la mtandao tanzu.

Msomaji azingatie sana kazi iliyokusudiwa. Mashine iliyoungwa kwenye waya wa Etheneti inapotaka kupeleka pakiti hujiuliza swali moja: je, ninayemwandikia ni jirani wa waya huu, au ni mtu wa mbali? Akiwa jirani, mashine hupaza sauti katika waya ili mwenyewe aitike. Akiwa wa mbali, hulikabidhi pakiti lango. Namba ya pili ndiyo inayolijibu swali hilo. Ni swali la umati. Lina maana pale tu ambapo wengi hushiriki waya mmoja. Kwa sababu hiyo hiyo ya umati, namba mbili za kila mtandao tanzu zilitengwa. Yenye biti zote 0 katika sehemu ya mashine ilitaja mtandao wenyewe, na yenye biti zote 1 ilikuwa anwani ya tangazo kwa wote.

4. Kinyago au barakoa?

Baada ya kuijua kazi ya namba hiyo tunaweza kuyapima maneno yetu mawili. Kinyago hasa ni sanamu ya kuchonga, na kile kinachovaliwa katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde hufunika kichwa kizima. Madhumuni yake ni kumficha mchezaji na kumweka mwingine mahali pake. Barakoa ni kitu kingine. Katika karne ya 19 mabibi wa nyumba ya Sultani huko Unguja waliivaa, kama walivyoivaa wanawake wa Oman. Hufunika sehemu ya uso na kuacha macho wazi. Hata barakoa ya afya, ambayo tangu mwaka 2020 imelifanya neno hili lijulikane na kila mtoto wa shule, hufunika pua na mdomo tu na kuacha sehemu nyingine wazi.

Namba tunayoizungumzia haiigeuzi anwani kuwa anwani nyingine. Hufunika sehemu yake ya mwisho na kuacha ya kwanza ionekane. Kwa hiyo barakoa yafaa kuliko kinyago, na kufaa kwake si kwa sauti wala kwa mazoea, bali kwa umbo la kazi yenyewe. Kigezo hiki kitatusaidia tena hapa chini, tutakapokutana na barakoa zisizokuwa za kawaida.

5. Waya wenye ncha mbili

Tuchukue sasa waya unaotoka kipanga njia kimoja mjini hadi kipanga njia kingine katika mji wa pili. Hauna tawi wala mtu wa tatu. Kinachotiwa katika ncha moja hutokea katika ncha nyingine, wala hakina pengine pa kwenda. Lile swali la jirani na mtu wa mbali halizuki hapa, na wala hapana haja ya kupaza sauti, kwa kuwa msikilizaji ni mmoja tu.

Hata hivyo desturi iliyotawala ilikuwa kukihesabu kila kiungo kuwa mtandao tanzu kamili, chenye barakoa yake na anwani zake mbili zilizotengwa. Ubaya uliongezwa na itifaki ya kutangaza njia iitwayo RIP, ambayo Charles Hedrick aliieleza katika waraka wa 1058 wa Juni 1988. Itifaki hiyo ilitangaza namba za mitandao bila kutaja barakoa zake. Kipanga njia kilichopokea tangazo kililazimika kudhani kuwa barakoa ya mtandao wote ni sawa na ile ya mlango wake chenyewe. Matokeo yake ni kwamba mwenye mtandao wa daraja B aliyechagua 255.255.255.0 kwa ajili ya ofisi zake alilazimika kuitumia barakoa hiyo hiyo katika nyaya zake za mbali. Ofisi yenye mashine mia mbili ilipata nafasi 254, na waya wenye ncha mbili nao ulipata nafasi 254. Anwani 252 zilikaa bure, kama jumba la vyumba vingi lililopangishwa kwa wageni wawili.

Nafuu ilikuja kwa itifaki zilizotaja barakoa pamoja na njia. Itifaki ya OSPF, iliyoandikwa na John Moy, ilitolewa Oktoba 1989 katika waraka wa 1131, na toleo lake la pili likafuata Julai 1991. Toleo la pili la RIP lilitokea Januari 1993. Tangu hapo mtandao mmoja uliweza kuwa na barakoa za urefu mbalimbali bila wasiwasi. Wahandisi wakaichagua 255.255.255.252 kwa viungo vya ncha mbili. Barakoa hiyo huacha biti 2 tu za mashine, nazo hutoa namba nne: 00, 01, 10 na 11. Ya kwanza na ya mwisho zimetengwa, na mbili za katikati hupewa ncha mbili. Fungu la anwani 256 ambalo zamani lilitosha kiungo kimoja sasa lilitosha viungo 64.

Hata hivyo nusu ya anwani bado ilipotea. Kwa nini basi isiachwe biti moja tu, yaani 255.255.255.254? Biti moja hutoa namba mbili, 0 na 1. Kwa kanuni ya zamani, 0 ni jina la mtandao na 1 ni tangazo kwa wote, na hivyo hapakubaki namba hata moja ya kumpa mtu. Wengine waliamua kuacha kabisa kutoa anwani kwa viungo hivyo. Kipanga njia kiliazima anwani ya mlango wake mwingine, na waraka wa 1812 wa Juni 1995 ulieleza jinsi ya kuvishughulikia viungo visivyo na namba. Njia hiyo iliokoa anwani zote, lakini ilimnyima fundi jambo muhimu: kiungo kisicho na anwani yake hakiwezi kuulizwa peke yake kama ni kizima au kimekatika.

Suluhisho lilipatikana Desemba 2000, katika waraka wa 3021 wa Alvaro Retana, Russ White, Vince Fuller na Danny McPherson. Hoja yao kubwa ilikuwa nyepesi: tangazo kwa wote halina maana katika waya wenye msikilizaji mmoja. Kanuni ya kutenga namba mbili iliwekwa kwa ajili ya umati, na pasipo umati iondolewe. Tangu hapo iliruhusiwa kutumia 255.255.255.254 katika viungo vya ncha mbili, na namba zote mbili zikapewa ncha hizo. Shirika lenye viungo 500, ambalo kwa barakoa ya zamani lilihitaji anwani 2,000, sasa lilihitaji 1,000 tu. Ilichukua miaka kumi na mitano tangu waraka wa 950 kwa kanuni ya umati kuondolewa mahali pasipokuwa na umati.

6. Muunganisho wa kupiga simu

Aina ya pili ya kiungo cha ncha mbili ni ile iliyowafikia watu wa kawaida majumbani, yaani modemu iliyopiga simu kwa mtoa huduma. Itifaki ya kwanza kuenea iliitwa SLIP. Mwaka 1984 Rick Adams aliitengenezea mfumo wa Unix wa Berkeley, na Juni 1988 John Romkey akaieleza katika waraka wa 1055, ambao katika kichwa chake ulikiri kuwa si kanuni rasmi. SLIP ilijua kuonyesha mwisho wa pakiti na si zaidi ya hapo. Haikuwa na njia ya kupeana anwani. Aliyepiga simu alipaswa kuijua mapema anwani yake na ya upande wa pili.

Itifaki iliyoirithi, PPP, ilianza kuandikwa mwaka 1989, na kanuni zake zikakamilishwa katika waraka wa 1661 wa Julai 1994. Sehemu yake inayohusu anwani imo katika waraka wa 1332 wa Mei 1992, na utaratibu wake una adabu ya kubisha hodi. Mgeni husema, "anwani yangu ni 0.0.0.0," maana yake sina. Mwenyeji humkatalia na papo hapo humtajia anwani ya kutumia. Mgeni huirudia, na mwenyeji huikubali. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika mazungumzo hayo barakoa haitajwi kabisa. Waliotunga kanuni hawakuiwekea nafasi, kwa sababu haikuwa na kazi.

Hata hivyo programu za kompyuta zilikuwa na nafasi ya barakoa iliyodai kujazwa, na kila mtunzi aliijaza alivyoona. Wako walioweka barakoa ya daraja la anwani, na wako walioweka 255.255.255.0 kwa mazoea. Mfumo wa Windows XP, uliotolewa mwaka 2001, ulionyesha 255.255.255.255, na watumiaji wengi walidhani ni kosa.

Hapa ndipo istilahi yetu inapoonyesha manufaa yake. Barakoa yenye biti zote 1 ni barakoa isiyofunika kitu. Uso wote uko wazi, na anwani nzima ni jina la mtu mmoja. Hivyo ndivyo ilivyo hali ya aliyepiga simu: hana jirani yeyote, na kila pakiti yake hupita katika mlango ule ule mmoja. Mwalimu akilieleza jambo hili kwa neno barakoa, mwanafunzi hulielewa mara moja. Akilieleza kwa neno kinyago, mwanafunzi atajiuliza ni kitu gani kimefichwa.

Kwa mpigaji simu, barakoa yoyote kati ya hizo kwa kawaida haikumdhuru, mradi alikuwa na njia ya kuelekea nje. Madhara yalizuka pale kompyuta yake ilipokuwa pia na waya wa Etheneti wenye anwani za fungu lile lile, kwani haikujua tena jirani wake yuko mlango upi. Kwa mtoa huduma jambo lilikuwa zito zaidi. Mwenye modemu 48, akikipa kila kiungo barakoa ya 255.255.255.252, alitumia anwani 192. Akitoa anwani moja moja kwa barakoa ya 255.255.255.255, naye mwenyewe akatumia anwani moja kwa simu zote, zilitosha anwani 49.

7. Thamani ya kilichopotea

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mahesabu ya mafundi. Lakini biti 32 hutoa anwani 4,294,967,296 tu, na hazizaliani. Mnamo Septemba 1993 madaraja A, B na C yalivunjwa na waraka wa 1519, ili mitandao igawiwe kwa mahitaji na si kwa madaraja. Tarehe 3 Februari 2011 mamlaka ya dunia ya kugawa namba iligawa mafungu yake matano ya mwisho, moja kwa kila sajili ya kanda. AFRINIC, sajili ya Afrika, ilikuwa imetambuliwa rasmi mwaka 2005 tu, miaka 20 baada ya waraka wa 950. Kufikia Januari 2020 sajili hiyo iliingia awamu ya pili ya uhaba, ambapo mwombaji hakuweza kupewa zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Walioanza mapema walipanga jumba zima kwa wageni wawili, na waliochelewa wakapimiwa vyumba kwa kibaba. Hata katika itifaki mpya ya biti 128, ambayo haina uhaba, waraka wa 6164 wa Aprili 2011 uliruhusu viungo baina ya vipanga njia kuwa na nafasi mbili tu. Safari hii sababu kubwa ilikuwa usalama.

8. Mapendekezo

Kutokana na historia hii tunapendekeza istilahi zifuatazo zifikiriwe:

Mtandao tanzu: sehemu ya mtandao iliyogawanywa na mwenyewe kwa matumizi ya ndani. Neno tanzu limekwisha kuzoeleka katika kampuni tanzu, na maana yake ni ile ile.

Barakoa ya anwani: namba inayoonyesha ni biti zipi za anwani hubaki wazi kutaja mtandao, na zipi hufunikwa kwa kuwa ni za mashine.

Kiungo cha ncha mbili: njia ya mawasiliano isiyo na mshiriki wa tatu. Tumeepuka kutafsiri neno la kigeni sehemu kwa sehemu, kwa kuwa nukta katika Kiswahili haina mwisho wa kushikika, lakini ncha inao.

Muunganisho wa kupiga simu: kiungo cha ncha mbili kinachodumu kwa muda wa simu tu.

Kuhusu ile sehemu ya mwanzo ya anwani, tunashauri tahadhari. Kiambishi ni mali ya wanasarufi, na kuwapa mafundi neno hilo hilo kutaleta utata katika vitabu vya shule. Sehemu ya mtandao yatosha.

Kanuni ya mwaka 1985 ilipewa waya wa ncha mbili bila kuulizwa kama inaufaa, na gharama yake ikalipwa na waliokuja nyuma. Istilahi nazo huenea kwa namna hiyo hiyo. Neno likishaingia katika vitabu na mitihani ni vigumu kulitoa, hata likiwa linapotosha. Kwa hiyo tulichunguze sasa, kabla halijachapwa mara nyingi.